Mlinzi Wetu Akikohoa, Tusimtie Mkono Kinywani

Najua wengi wenu mkiona kichwa cha makala haya mtacheka. Mtasema, "Huyu naye amekosa la kuandika! Kurasa za jarida la Chama cha Kiswahili ni za ngeli, methali na mashairi, yeye anatuletea habari za kikohozi cha mbwa!" Chekeni, lakini mkimaliza kucheka msome hadi mwisho. Ngeli hazimfai mtu aliye kaburini, na jambo ninalotaka kulizungumzia limewahi kuwafikisha watu huko.

Maoni yangu ni haya, nami nayasema waziwazi tangu mwanzo. Mbwa ni mlinzi tuliyemwajiri bila mshahara. Maadamu tunataka atulinde, tuna deni kwake: tumchanje, tumwangalie, na siku akianza kukohoa ghafla, tutumie macho na akili kabla ya kutumia mikono. Nyumba isiyolipa deni hilo inamdhulumu mbwa, na pia inajidhulumu yenyewe.

Hebu tutazame mambo yalivyo katika maboma yetu. Mbwa huitwa Simba, Chui au Polisi, majina makubwa makubwa ya kutisha wezi. Lakini huyo Simba hula nini? Ukoko wa ugali, maji ya kuoshea sufuria, na mifupa siku ya sikukuu. Hulala wapi? Chini ya ghala, mvua inyeshe isinyeshe. Mchana hufungwa mnyororo, usiku hufunguliwa akabweke. Ng'ombe akikohoa, baba humtafuta daktari wa mifugo kabla chai haijapoa, kwa sababu maziwa yataadimika. Mbwa akikohoa tunasema, "Mwacheni, amekwamwa na mfupa, utashuka." Asipoacha tunamrushia gongo aende akakohoe mbali, tupate usingizi. Kisha kukicha tunalalamika ati wezi wamebeba kuku wote na mbwa hakubweka! Angebwekaje na koo limemfunga?

Kikohozi chenyewe ni nini? Ni njia ya mwili ya kufukuza kitu kinachosumbua koo, bomba la hewa au mapafu. Kwa hivyo kikohozi ni habari tu. Ugonjwa wenyewe huwa nyuma yake. Ni kama kengele ya shule. Kengele ile ile hulia wakati wa chakula na wakati wa hatari ya moto, na ni juu ya anayeisikia kujua inaita nini. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu huleta mafuriko. Basi na tuyajue mawingu yenyewe.

Wingu la kwanza ndilo linaloonekana mara nyingi. Mbwa aliyekuwa mzima jana anaamka leo akikohoa kikohozi kikavu, chenye kishindo, mithili ya sauti ya bata bukini. Anakohoa mfululizo, ananyoosha shingo, kisha mwishoni anajikamua kama anayetaka kutapika na kutoa povu jeupe kidogo. Hapo ndipo watu husema mfupa. Kumbe aghalabu ni kikohozi cha kuambukizwa, ambacho wataalamu hukiita kikohozi cha bandani kwa vile huenea upesi mahali mbwa wengi wanapokaa pamoja. Huletwa na bakteria wanaoitwa Bordetella bronchiseptica, na mara nyingi virusi vya aina kadhaa hushirikiana nao. Mbwa mmoja akikohoa, hewa yenyewe hubeba maradhi, na bakuli la maji wanalochangia humaliza kazi. Dalili huanza kuonekana siku chache baada ya mbwa kukutana na mgonjwa, kwa kawaida kati ya siku 3 na 10. Ukimvuta kwa kamba iliyofungwa shingoni, kikohozi huzidi. Lakini mbwa huyu bado anakula, anatikisa mkia na kukukimbilia langoni. Akipumzishwa, wengi wao hupona katika muda wa wiki moja hadi tatu.

Wingu la pili ni hilo la kukwamwa kwenyewe, maana mfupa nao upo. Mbwa alikuwa akila, na papo hapo akaanza kuhangaika, kukaba, kujikuna mdomo kwa makucha na kutokwa na mate. Mifupa ya kuku iliyopikwa ndiyo mibaya zaidi, kwa sababu huvunjika vipande vyenye ncha kali. Tofauti kubwa hapa ni wakati: jambo hutokea ghafla sana, kwenye chakula au mchezo, na wewe au mtu mwingine ameliona likianza.

Wingu la tatu ni jeusi. Mbwa anakohoa kikohozi chenye majimaji, macho yana tongotongo, pua inatoa makamasi mazito, mwili una joto, hataki kula, anahara au kutapika. Hiyo yaweza kuwa nimonia, au ugonjwa unaoitwa distempa. Virusi vya distempa ni jamaa ya virusi vya surua vinavyowashika watoto wa binadamu, ingawa mbwa hatuambukizi sisi ugonjwa huo. Huanza na kifua na tumbo, kisha huenda kwenye ubongo, mbwa akaanza kutetemeka misuli na kuanguka kifafa. Dawa ya kuviua virusi hivyo haipo. Daktari humsaidia mgonjwa kwa kumpa maji na kuzuia maradhi mengine, lakini wengi hufa. Kilichopo ni chanjo, na chanjo hufanya kazi kabla ya ugonjwa.

Yapo na mawingu mengine. Mbwa mzee anayekohoa usiku na kuchoka baada ya hatua chache huenda moyo wake ndio unaolegea. Mtoto wa mbwa mwenye tumbo kubwa na manyoya makavu anaweza kukohoa kwa sababu ya minyoo, kwani minyoo michanga hupitia kwenye mapafu kabla ya kurudi tumboni. Katika sehemu zenye joto na mbu wengi, mbu huweza kumtia mbwa minyoo inayokaa moyoni na katika mishipa ya mapafu. Moshi wa jikoni nao humkera anayelala karibu na meko. Na kuna jambo lingine ambalo hata si kikohozi: mbwa husimama, akanyoosha shingo na kuvuta hewa kwa pua kwa kishindo, kama mtu anayekoroma akiwa macho, kisha baada ya nusu dakika akaendelea na shughuli zake. Likitokea mara moja moja tu, halina neno.

Sasa swali: tufanye nini? Jambo la kwanza ni kutazama. Simama kando, dakika moja mbili, umtazame mlinzi wako kama vile mwalimu wa Biolojia anavyotaka tutazame chura. Hesabu pumzi zake akiwa ametulia. Mbwa mzima aliyepumzika huvuta pumzi kati ya 10 na 30 kwa dakika. Zikizidi hapo akiwa amelala tu, au tumbo likipanda na kushuka kwa nguvu, ni hatari. Tazama ulimi anapohema. Ulimi wa waridi ni salama. Ulimi wa buluu au wa kijivu ni kengele ya moto. Tazama macho na pua. Muwekee maji na chakula uone kama anaweza kumeza. Mwisho, tazama tabia: je, ni Simba yule yule unayemjua, au amekuwa mgeni machoni pako?

Baada ya kutazama, mtenge na mbwa wengine. Mpe bakuli lake peke yake. Mlaze mahali pakavu pasipo moshi wala vumbi. Mfungue ile kamba ya shingo, na ikibidi kumfunga, mkanda upite kifuani. Asikimbizwe wala asipelekwe kuwinda. Kama ni kile kikohozi kikavu na anakula vizuri, muulize daktari wa mifugo na uendelee kumtazama. Kama ni mtoto wa mbwa, mbwa mzee au mwenye mimba, usingoje. Kama anatoa damu, hali chakula, anahema kwa shida au amezimia, twende kwa daktari siku hiyo hiyo. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, huduma za mifugo ziko chini ya serikali za kaunti. Afisa wa mifugo ni wa mbwa pia, si wa ng'ombe peke yao, ijapokuwa wengi wetu hatujawahi kumwita kwa sababu ya mbwa.

Yapo pia ya kutofanya, na hapa ndipo tunapokosea sana. Watu wengi huwa na haraka ya kumnywesha. Mmoja ataleta maziwa, mwingine maji ya chumvi, mwingine mafuta ya kupikia ati yateleze mfupa. Mbwa anashikwa, kichwa kinainuliwa juu, kitu kinamiminwa kooni kwa nguvu. Wenzangu, mbwa anayekohoa hawezi kumeza vizuri. Kile unachommiminia hushuka mapafuni, na yule aliyekuwa na kikohozi cha kupona katika wiki mbili sasa ana nimonia ya kumuua. Wengine hukimbilia dawa za binadamu. Parasetamoli inaweza kuharibu ini na damu ya mbwa; ibuprofeni inaweza kumchoma tumbo na kumharibu figo. Hata zile antibaiotiki zilizobaki kwenye kabati baada ya mtoto kupona si zake. Muuzaji wa duka la agroveti naye, hata awe mkarimu namna gani, hawezi kumtibu mbwa ambaye hajamwona.

Kosa kubwa kupita yote ni lile lililo kwenye kichwa cha makala haya. Kumtia mbwa mkono kinywani. Wee! Hili naliandika kwa kalamu nzito.

Kichaa cha mbwa si lazima kianze jinsi tunavyokichora vichwani mwetu. Sisi hudhani mbwa mwenye kichaa ni lazima awe anakimbia barabarani akiuma kila aliye mbele yake. La hasha. Wapo wanaokuja kwa upole. Mbwa hujificha gizani, sauti hubadilika ikawa ya kukwaruza, misuli ya koo na taya hulegea, mdomo hubaki wazi, mate hudondoka, naye hawezi kumeza hata maji. Ukimtazama mbwa huyo utaapa kwamba amekwamwa na mfupa. Nawe kwa huruma zako utakunja mkono wa shati umsaidie. Mate hayo ndiyo yanayobeba virusi. Si lazima akuume. Mchubuko mdogo wa jino au kidonda cha zamani kidoleni kinatosha.

Haya si ya kusimuliwa kutoka mbali. Huko nyumbani kwetu jirani mmoja alikuwa na mbwa wa miaka mingi, mpole kwa watoto. Siku moja akaanza kukohoa na kukaba, mdomo wazi, mate yakichuruzika. Watu wakakusanyika, kila mtu na ushauri wake. Kijana wa boma lile, mkubwa wangu kwa miaka michache tu, akamshika taya na kuingiza vidole kutafuta mfupa. Hakuupata, akatoka na mkwaruzo kwenye kidole cha shahada. Akajifuta kwa suruali, akaendelea na mambo yake. Bahati ni kwamba shangazi yake alirudi kutoka sokoni jioni ile, akauliza, "Huyo mbwa alichanjwa lini?" Kimya. Hakuna aliyejua. Shangazi hakungoja. Alimpeleka kijana kwenye bomba, akamwosha kidole kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda mrefu, naye kijana akilalamika ati anafanywa mtoto mchanga. Asubuhi wakaenda zahanati. Haikuwa na chanjo, ikabidi nauli itafutwe hadi hospitali kubwa. Mbwa alikufa siku ya tatu, na afisa wa mifugo alipopeleka sampuli kwenye maabara jibu likarudi: kichaa. Yule kijana alichomwa sindano zake zote kwa tarehe alizopangiwa, na leo yu hai. Shangazi huyo hakusoma udaktari. Aliuliza swali moja tu lililofaa.

Ndugu msomaji, elewa uzito wa swali hilo. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao wakiwa Afrika na Asia, na karibu wote huupata kutoka kwa mbwa. Watoto wa umri wa chini ya miaka 15 ni 40 katika kila watu 100 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo. Hao ni ndugu zetu wadogo, wale tunaowaacha nyumbani wakicheza na Simba tunapokuja shuleni. Nchini Kenya ugonjwa huu ulithibitishwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa, karibu na Nairobi. Zaidi ya miaka 100 imepita, nao bado tunaishi nao, ilhali chanjo ya binadamu ilipatikana tangu mwaka 1885 wakati Louis Pasteur alipomchanja mtoto aliyeumwa na mbwa kule Ufaransa. Mwaka 2014 serikali yetu ilianzisha mpango wa kuumaliza ugonjwa huu kwa binadamu ifikapo mwaka 2030. Msingi wa mpango huo ni kuchanja mbwa angalau 70 katika kila 100, mwaka baada ya mwaka. Serikali inaweza kuleta chanjo hadi uwanja wa soko. Lakini ni nani atakayemtoa Simba chini ya ghala ampeleke? Ni mimi na wewe.

Basi sheria iwe hivi. Mbwa ambaye hana kumbukumbu ya chanjo, au ambaye tabia na sauti yake imebadilika, asiguswe mdomo na mtu yeyote. Afungiwe mahali ambapo hatafikiwa na watoto, na afisa wa mifugo aitwe. Aliyeumwa, aliyekwaruzwa au aliyeguswa na mate penye kidonda aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Asingoje kuona kama mbwa atakufa. Kama mbwa ni yule aliyechanjwa, tabia yake ni ya kawaida, na ulimwona kwa macho yako akikwamwa akila, hiyo ni hali nyingine. Maadamu bado anapumua, mtulize na umpeleke kwa daktari bila kumchokonoa, kwani mbwa aliyebanwa pumzi huuma hata mwenyewe. Akiwa hapumui kabisa na ameanza kuzimia, mtu mzima amwinue mbwa mdogo kwa miguu ya nyuma, kichwa chini. Na kwa mbwa mkubwa asimame nyuma yake, akunje ngumi chini ya mbavu na kusukuma ndani na juu kwa nguvu mara kadhaa, ili hewa iliyo mapafuni ikitoe kile kilichokwama.

Najua kuna wenzangu watakaosema, "Wewe unazungumza kama mtoto wa tajiri. Watu wenyewe hawana dawa, hospitali zina foleni, karo haijalipwa, halafu unataka tumwite daktari kwa sababu ya mbwa?" Hoja hiyo ina uzito, wala siipuuzi. Mzazi mwenye shilingi mia moja na mtoto mgonjwa atamtibu mtoto. Nami ningefanya vivyo hivyo. Lakini tupige hesabu vizuri. Sindano moja ya mbwa kwa mwaka ni gharama ndogo, na zinapofanyika kampeni za kaunti mara nyingi hutolewa bure. Sindano za mtu mmoja aliyeumwa ni kadhaa, na juu yake kuna nauli, siku za kazi zilizopotea na usingizi usiokuja. Maskini ndiye asiyeweza kumudu mbwa asiyechanjwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nao ukuta ni ghali kuliko udongo wa kuziba ufa.

Wengine watasema mbwa wa kijijini ni sugu, hahitaji haya mambo ya mjini. Na hao nawaomba waangalie Serengeti. Mwaka 1994 simba wa mbuga ile ya Tanzania walianza kutetemeka, kuanguka kifafa na kufa. Takriban thuluthi moja ya simba wa Serengeti waliangamia, na ugonjwa ukavuka mpaka hadi Maasai Mara kwetu. Wataalamu walipochunguza, walikuta ni distempa ile ile ya mbwa. Mbwa wa vijiji vinavyozunguka mbuga walishukiwa kuwa ndio chanzo, na baadaye kukawa na kampeni za kuwachanja. Fikirini: mbwa mmoja anakohoa kando ya boma, hakuna anayejali, na mwishowe mfalme wa nyika anaanguka! Kama ugonjwa wa mbwa wa kijiji unaweza kumshusha simba wa kweli, huyu Simba wetu wa jina tu atanusurikaje? Kwa kawaida watoto wa mbwa huanza kuchanjwa dhidi ya distempa wakiwa na wiki 6 hadi 8, wakarudiwa kila baada ya wiki chache mpaka wafikishe wiki 16. Ile ya kichaa hutolewa kuanzia miezi mitatu, na hapa kwetu hurudiwa kila mwaka. Chanjo ya kikohozi cha bandani ipo pia kwa wale wanaofuga mbwa wengi pamoja.

Kuna na neno la utu. Katika lugha yetu tunayoipenda, "mbwa" limekuwa tusi. Mtu akitaka kumshusha mwenzake humwita mbwa. Huenda ndiyo maana tunaona aibu kumhudumia. Lakini sheria za Kenya, Sura ya 360, zinakataza kumtesa mnyama, na kumwacha mnyama wako ateseke bila sababu ni ukatili pia, hata kama hukuinua fimbo. Hatuna haja ya kumlaza kitandani wala kumvisha sweta kama tunavyoona kwenye sinema. Wapo pia wenzetu ambao hawamgusi mbwa kabisa, na tuwaheshimu. Ninachodai ni haki tu: aliyekesha kwa ajili yako, ukikesha kidogo kwa ajili yake hutapungukiwa kitu.

Nina mapendekezo matatu, mafupi, ya kutekelezwa na si ya kusomwa tu. Kwanza, kila mmoja wetu akifika nyumbani likizo hii, aulize lile swali la shangazi: "Huyu mbwa alichanjwa lini?" Pasipokuwa na jibu, atafute ofisi ya mifugo iliyo karibu, aandike tarehe kwenye kikaratasi na kukihifadhi pamoja na vyeti vya nyumbani. Pili, naiomba shule yetu, kupitia kwa walimu wetu wapendwa, iwaweke mbwa wanaolinda lango letu usiku katika orodha ya chanjo ya kila mwaka, na bakuli zao zisichangiwe na mbwa wa kupitapita wanaofuata makombo ya jikoni. Nasi wanafunzi tuache kuwatupia mifupa ya kuku kupitia dirisha la bwalo. Tatu, Chama chetu cha Kiswahili kishirikiane na wenzetu wa Chama cha Sayansi, tarehe 28 Septemba, siku ambayo ulimwengu huikumbuka vita dhidi ya kichaa cha mbwa, kiandike mabango kwa Kiswahili rahisi yabandikwe sokoni na kwenye shule za msingi zilizo jirani. Hapo ndipo Kiswahili chetu kitakapokuwa kimefanya kazi ya maana kuliko kushinda vikombe vya mashindano.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Kikohozi cha mbwa ni mwiba mdogo, nami nimekwisha kuwaonyesha ulipo. Aliye na macho atazame, aliye na mbwa amchanje, na aliye na mkono auweke mfukoni.

Ni mimi mwenzenu, mwanachama wa Chama cha Kiswahili.